Dawa mpya za dimensia, hospitali zetu ziko tayari kweli?

mtoto_wa_Moshi: Wakuu habarini. Bi mkubwa ana miaka 71, daktari amesema ni Alzheimer, ile dimensia ya kupoteza kumbukumbu, hatua za mwanzo. Juzi jikoni kaniuliza chumvi iko wapi, na kopo la chumvi kalishika mkononi, niliumia sana. Nasikia kuna dawa mpya lecanemab, Marekani wanaitumia tangu 2023. Sasa tuseme ingefika Bongo kesho, nani ana uwezo wa kuitoa?

nesi_zamu: Pole sana ndugu yangu. Ile si kidonge, unaanza kwa dripu kila baada ya wiki mbili. Na huanzishiwi hivi hivi, lazima kwanza ionekane kwenye ubongo kuna ile protini ya amiloidi, kwa kipimo cha picha kinaitwa PET au kwa kutoa maji ya uti wa mgongo, halafu picha ya ubongo ya MRI kabla ya kuanza na kurudia tena na tena kwa sababu kuna watu ubongo unavimba au damu inavujia ndani. Na haiponyeshi, kwenye utafiti wa miezi 18 ugonjwa ulienda taratibu kwa kama asilimia 27 tu. Mama anatumia dawa za kulainisha damu? Na walimpima vitamini B12 na tezi ya thairodi, maana zikiwa na shida nazo huleta usahaulifu?

mlezi_UK: Hata huku Uingereza mambo bado. Iliruhusiwa Agosti 2024 ila Juni 2025 NICE, wale wanaopima dawa ipi inafaa kulipiwa, wakasema kwenye rasimu yao ya mwisho kwamba NHS, yaani hospitali za serikali, isiitoe, faida ndogo gharama kubwa. Wenye pesa zao ndo wanalipia.

kijana_wa_Hai: Mi naona tunaanzia juu mno. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta asilimia kama 6 ya wazee wa miaka 70 kwenda juu wana dimensia, lakini nyumbani tunasema ni uzee tu, wengine wanasema karogwa, tunakuja kumpeleka hospitali ashapotea njia ya shambani kwake, na hizo dawa ni za mwanzoni tu kwa hiyo hapo zimeshampita. Mganga wa zahanati afundishwe kuuliza maswali ya kumbukumbu kama anavyopima presha. Hai hapohapo walijaribu vikundi vya wazee, wanaongea, wanaimba, wanacheza michezo ya kuchangamsha akili, na iliwasaidia. Hiyo haihitaji MRI.

mtoto_wa_Moshi: Asanteni mno. Za kulainisha damu hatumii, ni za presha tu. B12 hawakupima, Jumatatu nampeleka. Hivyo vikundi bado vipo?

kijana_wa_Hai: Nitaulizia nyumbani, nicheki inbox.