Tupeane uzoefu: mzazi na mtoto kujifunza lugha ya kigeni pamoja

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Ninaishi Uyole, Mbeya, na ninauza mchele wa Mbarali kwa wateja wanaoupitisha Tunduma kuelekea Lubumbashi. Wateja hao tunaelewana kwa Kiswahili, kwa kuwa ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini mwao, lakini bei huzitaja kwa Kifaransa, na karatasi zao za mzigo zimeandikwa kwa lugha hiyo. Kwa miaka mingi nilisaini nisichokielewa. Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza na kuanza somo la Kifaransa, nilinunua daftari langu, nikawa ninakaa naye mezani kila jioni baada ya vyombo kuoshwa.

Kilichotusumbua mwanzoni ni hesabu. Shuleni alifundishwa kwamba 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi, nami nikakariri wiki nzima. Siku ya mzigo nikamsikia mteja akisema septante na nonante, nikadhani nimesahau kila kitu. Binti ndiye aliyemuuliza mwalimu wake na kuniletea jibu: Kongo, kama Ubelgiji iliyoitawala, husema septante na nonante, ilhali Ufaransa hutumia ile hesabu ndefu. Tangu hapo daftari letu lina safu mbili, moja ya shule na nyingine ya soko.

Mimi nilimsaidia kwenye jinsia za nomino. Alilalamika kwamba hakuna sababu ya meza kuwa ya kike na kitabu kuwa cha kiume. Nilimwambia azikumbuke ngeli: sisi husema kitabu changu kizuri na meza yangu nzuri, wala hatuulizi sababu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuandika kila nomino pamoja na le au la yake.

Linaloniumiza kichwa ni heshima. Nilipokosea, binti aliinamisha macho asinisahihishe. Nilimweleza kwamba saa hiyo sote ni wanafunzi, na siku hizi huniambia, "Samahani mama, kaza midomo kama unapiga mluzi, halafu utamke i," na hivyo ndivyo nilivyoipata u ya Kifaransa. Mama mkwe hapendezwi anapoyasikia hayo, na ninamwelewa. Wenzangu mmefanyaje?

Mzazi wa Mafinga:
Dada, kwetu ni Kichina, ambacho kina toni nne: ma ya sauti ya juu ni mama, na ma inayoshuka kisha kupanda ni farasi. Mimi na kijana wangu hatukuisikia tofauti hiyo kwa muda mrefu. Bibi yake, ambaye Kihehe ndiyo lugha yake ya kila siku, aliisikia mara moja, na Kihehe nacho kina toni. Sasa tunasoma mbele yake naye hutuambia nani amepatia, kwa hiyo suala la mtoto kumsahihisha mzazi halikutufikia.

Mzazi wa Tukuyu:
Sisi tulikwama. Nilianza Kijerumani na mwanangu wa miaka tisa, na kwa kuwa ni mwalimu, nilimsahihisha kila neno na kumpa jaribio kila Jumamosi. Wiki ya sita alianza kwenda kwa jirani muda ulipofika. Ninajutia jambo hilo. Dada, binti yako alichukua muda gani kabla ya kuanza kukusahihisha?

Mzazi wa Uyole:
Karibu miezi miwili, kaka, na kosa la kwanza lilikuwa jina la bidhaa yangu mwenyewe. Mchele ni riz, nami nilikuwa nikiitamka z ya mwisho, ambayo haitamkwi. Alisubiri bibi yake atoke sebuleni, ndipo akaniambia kwa sauti ya chini.