Pilau ya ng'ombe au biriani ya kuku, chakula cha usiku wa Idi (Tanga mjini)

BintiChumbageni: Assalaam alaykum wapendwa. Idi mosi usiku nimealika marafiki, na nataka kuwapikia kwa mkono wangu, sitaki kuagiza. Nimekwama kati ya pilau ya ng'ombe na biriani ya kuku. Kesho asubuhi naingia soko la Mgandini, naombeni ushauri mapema.

MzeeWaNgamiani: Waalaykum salaam. Wageni wangapi? Unapikia mkaa au gesi? Una msaidizi? Hapo utanunua kwa kukisia.

MamaSwaumu: Pilau mwanangu. Nyama ichemshe asubuhi, supu iweke. Jioni kaanga vitunguu maji taratibu mpaka vikolee kahawia. Rangi ya pilau inatoka hapo, si kwenye wingi wa binzari nyembamba. Tia thomu, tangawizi, mdalasini, iliki, kisha nyama, supu, mchele. Maji yakikauka palia makaa juu ya mfuniko, nenda kaoge. Wageni wanakukuta umeshavaa.

Kijana_Makorora: Pilau wameshakula mchana kila nyumba waliyoingia! Usiku ni biriani. Sosi unaipika siku moja kabla, kuku aliyelala kwenye mtindi na thomu, na ikilala inazidi kukolea. Jioni kazi ni kuchemsha mchele tu na kuunyunyizia zafarani.

MzeeWaNgamiani: Na mwezi usipoandama? Sosi ya mtindi na joto hili, akose friji, atawalisha nini watu?

Kijana_Makorora: Chumbageni hawakosi friji, mzee wangu.

Nuru_Raskazone: Mnabishania mboga, shida iko kwenye mchele. Mwaka juzi nilinunua kwa muuzaji aliyeniapia kuwa ni wa zamani, kumbe kachanganya na mpya. Mchele mpya haunywi maji mengi, wa zamani unayataka. Nikapima supu kama siku zote. Kufunua, punje nyingine zimevimba na kupasuka, zinashikana kama bokoboko, na nyingine katikati zina kiini cheupe kigumu. Nikiongeza maji zile laini zinazidi kuharibika, nikiacha zile ngumu haziliki. Mama mkwe yuko sebuleni, watoto wanauliza chakula. Tuliishia kununua chapati, na nyama ya pilau ndiyo ikawa mchuzi. Sikulala kwa uchungu. Dada, nunua leo, pika kikombe kimoja uujaribu, ndipo uchukue kilo zako.

MamaSwaumu: Pole sana Nuru. Ndiyo maana mie nachukua wa Kyela, unanukia wenyewe.

Kijana_Makorora: Wa Kyela kwa wali wa nazi sawa. Biriani inataka basmati, punje isimame.

MzeeWaNgamiani: Na mchele wa Mombo hapo Korogwe mmeusahau? Wa kwetu kabisa.

BintiChumbageni: Ahsanteni. Tuko kama 15, gesi ya plate mbili, friji ipo. Wawili hawali nyama ya ng'ombe.

MzeeWaNgamiani: Hilo la wawili ndilo lilitakiwa kuanza! Kwa kilo moja ya mchele weka watu sita hadi wanane. Na gesi haipaliwi juu, sufuria yako iwe nzito chini.

MamaSwaumu: Basi pilau ya kuku, wa kienyeji, na viazi viwili vitatu.

Kijana_Makorora: Viazi kwenye pilau? Hapana kwa kweli.

MamaSwaumu: Kiazi kilichokunywa supu kina raha yake. Kwetu Pangani pilau bila kiazi hailiki.

Nuru_Raskazone: Viazi viende kwenye biriani, vikaangwe kwanza.

BintiChumbageni: Na kachumbari? Niikate mapema au wageni wakishafika?

MamaSwaumu: Wakishafika. Vitunguu vioshe kwa chumvi, ndimu mwisho. Lakini viazi usiache.

Kijana_Makorora: Mama Swaumu jamani, viazi hapana.