Gugu maji: tulitokomeze au tulifanye mali?

Wakuu, gugu maji ni ule mmea unaoelea ziwani, na kila nikigeuka nakuta semina ya "gugu maji ni fursa": vikapu, mbolea, gesi ya kupikia. Napinga. Huku mwaloni (tunakoegesha mitumbwi ya uvuvi) Mwanza jioni unaacha maji meupe, alfajiri upepo umegeuka, kijani mpaka kwenye nanga. Mizizi inasokota panga la injini, mnabaki kupiga kasia na jua la saa nne. Nyavu mlizotega usiku zimeondoka na gugu, mkazitafute.

Asili yake ni bonde la Amazon. Ua lake la zambarau ndilo lililowafanya watu walisambaze duniani. Katika Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata joto na rutuba, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji: lori la tani 10, umelipia dizeli ya kubeba tani 9 za maji! Kiwanda kikishajengwa, mwenye kiwanda ataombea malighafi iishe?

Kutoka Kisumu: Ndugu yangu, nakubali nusu. Shangazi yangu hana kiwanda. Anakata yale mashina marefu, anayaanika mpaka yawe kahawia, anasuka vikapu, karo inapatikana. Na samaki kamongo je? Yeye na mwenzake mumi hupenda kukaa chini ya gugu, wapo wavuvi wanaolifuata makusudi.

Mleta mada: Shangazi asuke, sina ugomvi naye. Ila vikapu havikulipunguza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lilipungua sana kwa sababu ya wadudu mbawakavu wa Neochetina, ambao asili yao ni kulekule lilikotoka gugu. Wakubwa wanakwangua majani, funza wao wanatoboa mashina, mkeka mzima unaoza na kuzama. Mawimbi ya El Niño ya 1997/98 nayo yalisaidia. Kisha likarudi: mbegu hukaa topeni miaka mingi, Mto Kagera unashusha mapya, na sisi tunalilisha kwa mbolea za mashambani na maji taka ya mijini. Hela ya mashine za kuvunia ingeenda kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka.

Kutoka Musoma: Mkuu, hapo kwenye maji taka sikupingi. Lakini hapo mwaloni kwenu, vyoo viko vingapi?