Naomba ushauri: mpwa wangu asiyeona anataka kuiwakilisha Kenya

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mpwa wangu, tunakaa Likoni, haoni kabisa na mbio zake ni mita 1500. Anaitamani timu ya taifa ya Paralimpiki, ile aliyokimbilia Nancy Chelangat Koech akatwaa shaba Tokyo. Cheti cha daktari wa macho tunacho. Mwalimu wake humwongoza jioni wakishikana kwa kamba, lakini binti keshamzidi kasi. Inaniuma kumwona akipunguza mwendo kumngojea. Ofisi moja ya michezo iliniambia nisubiri tu.

Je, tathmini ya kumweka daraja la T11, yaani la wanariadha wasioona kabisa, huombwa kwa nani? Na hapa Mombasa tutampata wapi mkimbiaji hodari, mwenye subira, wa kumwongoza?