Mrejesho: udi uliokuwa unavuma kama ngoma
Assalaam alaykum. Wiki mbili nyuma niliuliza hapa kwa nini udi, ile ala ya nyuzi, nikiurikodi chumbani kwangu Kikwajuni unavuma besi tupu, na sauti ya mwimbaji inasikika kama kaimba ndani ya birika. Ahsanteni, kazi imekaa sawa.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Maikrofoni niliielekeza kwenye tundu la udi, sentimita 10 tu. Maikrofoni inayosikia upande mmoja ikikaa karibu hivyo hujiongezea besi yenyewe, na tundu nalo lina mvumo wake. Nikairudisha hadi sentimita 35 hivi, nikaigeuza itazame pale shingo inapoungana na tumbo. Subhanallah! Mpaka mkwaruzo wa risha ya kupigia kwenye nyuzi unasikika.

Mwangwi niliumaliza kwa godoro na mablanketi mawili nyuma ya mwimbaji. Yale makasha ya mayai niliyoambiwa mtaani nimeyatupa, hayakusaidia kitu. Tatizo lililobaki ni joto, maana feni lazima izimwe, na mzee wangu wa udi kila baada ya mkupuo mmoja wa kurikodi anadai maji ya baridi.

Kwenye kuchanganya sauti, ya mwimbaji nimekata mivumo ya chini ya hezi 80, udi nimeupunguza kidogo kwenye hezi 200. Rivabu, yaani mwangwi wa kuongeza, nimeweka chembe tu.

Aliyenishauri nirikodi vilele vya sauti visizidi desibeli -10 kwenye kipimo cha kurikodia, allah akuweke. Mwimbaji alipopandisha sauti ghafla, hakuna kilichopasuka.