Naombeni ushauri wakuu: kigari cha golf cha mizigo kinazima njiani, ninunue mota nyingine?

Mkulima wa Nanasi:
Habari za jioni wakuu. Nina kigari cha golf, sio kile cha kubeba wachezaji, ni kile chenye bodi ya nyuma ya mizigo, nilikinunua kwenye hoteli moja ya pwani walipokuwa wanatoa vitu vyao vya zamani. Nipo Kiwangwa huku Bagamoyo nalima mananasi, na kinachonimaliza ni kutoa mzigo shambani kuufikisha barabarani kwa wanunuzi, bodaboda wanakula hela kila tenga na mvua ikinyesha hawaonekani kabisa. Nikaona hiki ni cha umeme, hakinywi mafuta, nikikifufua nikapiga rangi nikarefusha bodi kitanitosha.

Sasa kinatembea vizuri kama robo saa hivi, ukipakia mzigo kinaanza kulegea halafu kinazima. Ukikipumzisha kinaamka, kinasogea kidogo, kinakufa tena. Fundi anasema mota imechoka. Kuna mota ya mtumba nimeiona Dar. Swali langu ni moja tu, mota za mtumba zinadumu? Nahitaji jibu mapema, msimu unakaribia.

Toyo Mbili:
Mkuu uza hicho kidude nunua toyo, pikipiki ya matairi matatu ya mizigo. Mimi ninazo mbili, moja inabeba mchanga nyingine inabeba maji, spea zipo mpaka vijijini, tairi likipasuka unaziba hapohapo. Hicho cha kwako ukikosa nati moja unakaa miezi. Toyo mkuu, usijitese.

Fundi Waya:
Usinunue mota bado. Betri zako ni za aina gani, zipo ngapi, zina umri gani? Chombo kikilegea na mzigo, kikapumzika, kikarudi, mshukiwa wa kwanza ni betri au nyaya zake. Chukua mita, pima kila betri peke yake, kwanza kikiwa kimesimama halafu mtu akikanyaga pedeli kikiwa na mzigo. Betri inayodondoka volti sana kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Shika pia vichwa vya nyaya baada ya kutembea, kikiwa na joto kali hapo pana kutu au nati imelegea. Na nyanyua matairi ya nyuma uyazungushe kwa mkono, breki ikiwa imebana inakula umeme wote.

Mkulima wa Nanasi:
Asante mkuu ila betri hazina shida, ni mpya. Hiki ni Club Car, fundi amekihangaikia sana, amekwangua kutu chesisi nzima, akapaka redi oksaidi, akaunga vyuma nyuma bodi ikarefuka, kazi nzuri kwa kweli. Kilichobaki ni mota tu. Ndio maana nimeulizia mota.

Kaka wa Deira:
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa dereva wa hivyo vigari hotelini Dubai, sisi tulikuwa tunaviita bagi. Kuna wageni wanataka kupelekwa kutoka chumbani mpaka bwawani, hatua hazifiki mia. Ila Mhindi aliyekuwa msimamizi wa karakana alikuwa mkali, huondoki zamu bagi haijachomekwa chaji, hata kama imetembea kidogo tu. Alikuwa anasema betri hizi ukizimaliza kila siku mpaka chini unazizika, usishuke zaidi ya nusu. Na maji ya betri yanaongezwa baada ya kuchaji, sio kabla, maana zikichajiwa yanapanda yanamwagika. Labda ukute sahani za ndani zimeshakauka, hapo unazifunika kwanza kwa maji kidogo. Maji yaliyosafishwa ya dukani, sio ya kisima. Yule mzee nilimpenda sana, sijui yuko wapi siku hizi.

Mama Ubarikiwe:
Kijana, mama watoto anajua hela imeingia huko? Wanaume mnapenda kufufua vitu vilivyokufa huku paa la jikoni linavuja. Sisemi vibaya, nasema kaeni chini muongee.

Fundi Waya:
Mkulima, "mpya" bado sio jibu. Betri za kigari hiki sio kama za gari. Za gari zina sahani nyembamba, kazi yake kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake, halafu altaneta inazijaza. Za golf zina sahani nene, zinatoa kidogo kidogo kwa masaa. Andika hapa umefunga nini.

Mkulima wa Nanasi:
Sawa, naeleza. Nilizikuta betri sita zimekauka kabisa, nikaziuza kwa watu wa chuma chakavu. Fundi akafunga N150 tatu, zile betri za lori za volti 12, kwa sirizi, yaani moja nyuma ya nyingine, zimetoka kwenye Fuso ya jamaa yake, hazina hata mwaka. Najua mtasema sio zenyewe, lakini wakuu N150 inaamsha Fuso asubuhi na baridi, itashindwaje kusukuma kigari cha mananasi? Na zile zenyewe bei yake sita ningeuza nusu shamba. Uamuzi huo nilishaufanya, tuongee mota.

Toyo Mbili:
Kwa hiyo sio mpya, zina umri wa Fuso 😂

Chuma Hakidanganyi:
Samahani wakuu, hapa nanusa chai. Soma posti zake vizuri. Anasema ni Club Car, halafu anasema fundi amekwangua kutu chesisi nzima na kuunga vyuma kwa kuchomelea. Chesisi ya Club Car ni ya alumini! Ndiyo sifa yake kubwa, ndiyo maana hoteli za pwani zinaipenda, chumvi haiili. Alumini haishiki kutu nyekundu, na fundi wa geti wa Kiwangwa na vijiti vyake vya kawaida hawezi kuiunga. Ama hana kigari, ama amekiona kwenye video. Watu mnatoa elimu bure kwa hadithi ya kutunga.

Bwana Sukari Kiasi:
Weka na vitumbua basi tunywe vizuri. Mimi tangu "hoteli moja ya pwani" nilishavuta kiti.

Mama Ubarikiwe:
Kama ni uongo Mungu anakuona, mimi nimeshakuombea.

Mkulima wa Nanasi:
Mnanikosea heshima. Mimi sio mtoto wa kukaa kutunga uongo na mananasi yananiozea shambani. Picha hizo hapo, moja ya mbele, moja ya chini, moja ya sehemu ya kuchomekea chaji. Kutu nimekiona kwa macho yangu na vumbi lake limeniingia puani. Nembo ya mbele haipo, aliyeniuzia ndiye aliyeniambia Club Car, na mimi sikuwa na sababu ya kubishana naye.

Fundi Waya:
Chuma yuko sahihi na Mkulima hatungi. Hiyo sio Club Car, hiyo ni E-Z-GO, kampuni nyingine. Angalia tundu la chaji, lina umbo kama herufi D na pini mbili, hilo ni la E-Z-GO za volti 36. Club Car ya volti 48 tundu lake ni duara lenye matundu matatu. Na chesisi ya E-Z-GO ni chuma, inashika kutu kama kawaida. Sasa nijibu mawili. Zile betri sita ulizouza, kila moja ilikuwa na vifuniko vingapi juu? Na chaja unayotumia imeandikwa volti ngapi?

Mkulima wa Nanasi:
Vifuniko vitatu vitatu. Chaja niliagiza ya 48 maana niliambiwa Club Car ni 48. Inafanya kazi vizuri tu, taa inawaka.

Fundi Waya:
Chomoa hiyo chaja sasa hivi, usisubiri kumaliza kusoma.

Kifuniko kimoja ni volti 2. Vitatu ni betri ya volti 6, mara sita ni 36. N150 zako tatu ni 36 pia, hapo fundi wako alipatia. Lakini chaja ya 48 inasukuma mpaka karibu 58, gawa kwa tatu, kila N150 inakula zaidi ya volti 19 wakati ilitakiwa ikomee kama 15. Unazichemsha. Bila shaka zinapata moto na kunuka kama yai viza, na maji yanaisha haraka. Hapo inatoka pia gesi ya haidrojeni, cheche moja tu betri inapasuka na asidi inakuingia machoni. Usichaji tena ndani ya chumba wala karibu na sigara. Ndiyo maana kigari kinazima, sahani zimeshaharibika.

Na alipokuwa anachomelea bodi, alichomoa nyaya za betri na za kontrola, kile kiboksi kinachopimia mota umeme?

Mkulima wa Nanasi:
Harufu ipo kweli, nilijua ni ya betri kawaida. Kuhusu kuchomelea sidhani kama alichomoa, ila kontrola ni nzima, kigari kinatembea.

Chuma Hakidanganyi:
Basi nafuta neno la chai. Ungeweka picha mapema tusingefika huku.

Kaka wa Deira:
Yule mzee angekuchapa na waya wa chaja.

Fundi Waya:
Kama kinatembea umepona, safari ijayo achomoe. Mpango ni huu: tafuta chaja ya 36. Uliza betri za volti 6 za golf hata mbili mbili, lakini usifunge nzee na mpya pamoja, subiri mpaka sita zitimie. Ukipata uwezo wa lithiamu chukua ya 36 pamoja na chaja yake. Zikiwa zimejaa na zimepumzika, zile sita za maji zinasoma kama 38, zikishuka karibu na 36 rudi nyumbani. Mota usiguse.

Mkulima wa Nanasi:
Chaja nimechomoa. Nashukuru sana mkuu. Ila mota nilishatoa advansi, na muuzaji hawezi kurudisha, kwa hiyo kesho nakwenda kuichukua, itakaa kama akiba.

Fundi Waya:
Ameiuza kama ya Club Car?

Mkulima wa Nanasi:
Ndio.

Fundi Waya:
Usimalizie hela. Mwambie akupigie picha ya pale inapoingia ekseli, na wewe fungua ya kwako uhesabu meno. E-Z-GO kuna zenye meno 10 na zenye meno 19, inategemea mfumo wake. Yasipolingana akubadilishie kitu kingine dukani kwake, hata chaja.