Kwa nini surua haikutangazwa dharura kama Ebola?

MuuguziWaLubero

Ndugu zangu, salamu kutoka Kivu Kaskazini, mashariki mwa Congo. Mimi ni mama na muuguzi wa chanjo, na swali hili ninalo tangu 2019.

Mwaka ule magonjwa mawili yalitukuta pamoja. Ebola ilianza Agosti 2018, ikaisha kwetu Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Surua, kwa mwaka 2019 peke yake, wagonjwa walioshukiwa nchi nzima walipita 310,000, na mwanzoni mwa 2020 waliokufa walishazidi 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ebola ilitangazwa dharura ya kimataifa tarehe 17 Julai 2019. Surua haikutangazwa.

Chanjo ya Ebola hutunzwa kwenye nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Majokofu yake yalikuja, na jenereta, na mafuta yake. Chanjo ya surua inataka nyuzi 2 hadi 8 tu, lakini friji yetu ilikuwa ikizimika kwa kukosa mafuta ya taa. Akina mama waliniuliza: "Hao wa magari meupe wanamtafuta mgonjwa wa Ebola. Na huyu wangu mwenye vipele, anatafutwa na nani?"

Sisemi Ebola ilikuwa jambo dogo, tumezika wenzetu. Nauliza tu: nani anaamua, na kwa kipimo gani?

Mpakani_Kasese

Pole sana dada. Mimi niko upande wa Uganda, na Juni 2019 Ebola ilifika hapa kwetu Kasese na familia iliyotoka Congo. Tarehe 14 Julai ikathibitishwa Goma, mlangoni kabisa mwa Rwanda. Siku tatu baadaye likatoka tangazo. Kabla ya hapo kamati ya dharura ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilishakutana mara tatu na kila mara ikasema bado.

Anayetangaza ni Mkurugenzi Mkuu wa WHO, akishauriwa na kamati hiyo ya wataalamu. Kipimo chao ni Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, nazo hazianzi kwa kuhesabu makaburi. Zinauliza: tukio hili si la kawaida? Linaweza kuvuka mipaka na kuhatarisha nchi nyingine? Linataka nchi zishirikiane kulikabili? Surua iko karibu kila mahali na chanjo yake ipo tangu miaka ya 1960, kwa hiyo ugonjwa unaoua watoto wengi zaidi unahesabiwa kuwa wa kawaida. Mimi naona hapo ndipo penye tatizo: ukizoeleka, hakuna anayeushtukia.

NesiTanga

Dada, tangazo lenyewe halina mfuko wa fedha. Tazama WHO inavyopata pesa: kwa miaka mingi ada za lazima za nchi wanachama zilikuwa chini ya asilimia 20 ya bajeti. Zilizobaki ni michango ya hiari, na nyingi zinakuja zimeshaandikwa kazi yake. Mfadhili akisema hizi ni za ugonjwa fulani, huwezi kuzinunulia mafuta ya friji yako. Mei 2022 nchi wanachama zilikubaliana kupandisha ada polepole hadi nusu ya bajeti ya msingi ifikapo 2030. Ni hatua nzuri, lakini watoto hawasubiri 2030.

Tusiseme pia kwamba hakuna kilichofanyika. Watoto zaidi ya milioni 18 walichanjwa surua Congo mwaka huo huo wa 2019. Ila surua inaambukiza vibaya mno, inataka watoto 95 kati ya 100 wawe wamepata dozi zote mbili, na kampeni ya siku chache haiwezi kushika nafasi ya kliniki ya kila wiki.

Halafu kuna la kwetu sisi wenyewe. Kichupa cha chanjo ya surua cha dozi kumi kikishachanganywa, baada ya saa sita kinamwagwa. Basi mama anakuja na mtoto mmoja, anaambiwa rudi siku watoto watakapotimia. Mwongozo wa WHO unasema fungua hata kwa mtoto mmoja. Huku kwenu inakuwaje?

MuuguziWaLubero

Asanteni sana. Huku dozi iliyomwagwa inaandikwa kwenye ripoti na unaulizwa. Mama aliyerudishwa haandikwi popote, naye ametembea nusu siku na huenda asirudi. Nitalisema mbele ya daktari mkuu wa zoni yetu ya afya kwenye kikao cha mwezi.

Lakini Mpakani, kama kipimo ni kuvuka mpaka, mtoto wa kijiji cha ndani ambaye hatavuka mpaka wowote, ana nani?

Otis_Kisumu

Ana serikali yake. Abuja, 2001, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Nchi nyingi hazijafika hapo mpaka leo, Kenya yetu ikiwemo. WHO kule Geneva tuidai, sawa, lakini mafuta ya taa ya kituo cha afya ni deni la serikali.

NesiTanga

Na kuhusu hayo mafuta: ulizia friji za sola zisizotumia betri. Jua linagandisha barafu ndani, na barafu hiyo inashika baridi usiku. Kituoni kwenu paa linapata jua la kutosha?

MuuguziWaLubero

Asubuhi lote. Mchana mvua. Nitumie maelezo, dada, niyapeleke kwenye kikao hicho hicho.